Siku Walipomwondoa Bibi Ukutani

Chumba chetu cha maonyesho kilikuwa duka la nguo kabla hatujakipata, na kwa muda wote tuliokuwa nacho watu wa Tabora hawakuacha kukiita duka. Mlango ukiwa wazi waliingia, wakatazama kuta, wakatazama kaunta, kisha wakauliza kama sukari imefika. Rafiki yangu aliwajibu kwa upole kwamba hapa hatuuzi kitu, tunaonyesha picha.

"Mnaonyesha tu?" mama mmoja alimwuliza siku moja, kapu mkononi. "Halafu?"

Leo ningeweza kumjibu yule mama, lakini jibu langu lisingempendeza.

Duka lilikuwa la baba yake rafiki yangu. Babu yao alitoka Kachi, kule India, akalifungua enzi za Wajerumani, na tangu hapo watoto wote wa ukoo ule walizaliwa katika vyumba vya nyuma. Rafiki yangu alisema Kiswahili kama changu, na akigombana na wachuuzi sokoni alitukana kwa Kinyamwezi. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Yeye akaenda Kampala kujifunza uchoraji, mimi nikabaki mjini kufundisha shule ya msingi. Aliporudi alikuta biashara ya jumla imeshaingia mikononi mwa serikali, na baba yake anashinda kwenye kaunta mbele ya rafu tupu, akisoma gazeti la juzi. Akamwomba chumba kile cha mbele.

"Chukua," mzee alimwambia. "Angalau kuta zitakuwa na kitu."

Tukazing'oa rafu, tukapaka chokaa, tukafungua.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya vyombo vya nyumbani: mizinga ya nyuki ya magome kutoka Ipole, vyungu, vibuyu, vigoda vya miguu mitatu. Ofisa utamaduni alikuja na mpiga picha wa serikali. Alikuwa kijana msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji ya kunywa. Akasimama katikati ya mizinga akasema kwamba huu ndio utu wetu uliodharauliwa na wakoloni, na kwamba akina dada sisi wawili tumefanya kazi ya taifa. Hakuuliza mizinga imetengenezwa na nani. Watu walipiga makofi. Tulisifiwa mno, na sifa zile ndizo zilizotudanganya.

Wazo la maonyesho ya pili lilikuwa la rafiki yangu. Miaka ile kila mtu alikuwa ndugu. Mkuu wa mkoa alikuwa ndugu, karani alikuwa ndugu, mwizi wa baiskeli alisomewa mashtaka kama ndugu. Mimi neno lile nilikuwa nalipenda. Nililisema darasani kila asubuhi na nikaliamini. Rafiki yangu hakuwa na raha hiyo.

"Mkutanoni naitwa ndugu," aliniambia tukiwa tunafagia. "Nikitoka nje ya mkutano naitwa Mhindi. Sasa sikiliza, shoga yangu. Tuchore watu wa mji huu, na chini ya kila picha tuandike maneno yao wenyewe, kwamba wao ni nani na wazee wao walifikaje hapa. Maneno yao, siyo yetu."

"Watakubali?"

"Tuwaulize."

Walikubali wengi kuliko tulivyotazamia. Mwanamke mmoja wa Goweko, mkulima wa tumbaku na Mmoraviani mwenye sauti nzito, aliketi mbele yangu akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Akasema babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa, na bega lake lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. "Sisi watoto tuligombania kuishika," alisema akicheka. Nikaiandika hivyo hivyo. Rafiki yangu alijichora mwenyewe, amesimama kwenye kaunta, na chini akaandika: Nimezaliwa nyuma ya ukuta huu. Kila wiki naulizwa nitarudi lini kwetu.

Bibi yangu, mama yake baba, alisikia habari hizo kwangu. Nilikuwa namsimulia tu, nikimchambulia mchicha, maana macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Kisha akasema, "Mke mwenzangu, na mimi utanichora lini?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia nitamchora akivaa lile buibui lake jipya.

"Utanichora hivi hivi nilivyo. Na uandike kwamba niliuzwa."

Lazima nieleze hapa mambo ya nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa karani mstaafu wa reli, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, balozi wa nyumba kumi katika mtaa wetu wa Gongoni. Alikuwa na hadithi ya ukoo ambayo aliitunza kuliko kitu chochote. Kwa upande wa baba yake, alisema, tulitokana na mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuja na misafara. Hiyo ilikuwa kweli. Kwa upande wa mama yake, alisema, tulitokana na nyumba kubwa ya Unyanyembe, karibu na watemi waliotawala hapa. Hiyo ilikuwa uongo, na kila mzee wa Gongoni alijua ni uongo, na kwa heshima ya kanzu yake hakuna aliyesema. Sisi watoto tuliokota ukweli vipande vipande, jikoni, kwa minong'ono ya shangazi na majirani. Bibi mwenyewe hakuwahi kusema lolote. Nilidhani alikuwa akiona haya. Kumbe alikuwa hajaulizwa.

Nilimchora katika chumba chake, kwenye kitanda cha kamba, dirisha likiwa upande wake wa kushoto. Vifaa vilikuwa haba. Rangi zilikuwa za mafuta, zile za kupakia milango, nilizozichanganya kwenye makopo ya maziwa. Turubai la kuchorea halikupatikana popote, lakini kwenye ghala la rafiki yangu lilikuwa limebaki jora la marekani, ile nguo nzito nyeupe ya pamba, limeliwa na panya pembeni. Nilikata kipande nikakiwamba kwenye fremu, nikakipaka gundi na chokaa. Siku nilipokileta, bibi alinyoosha mkono akakipapasa kona moja ambayo chokaa haikufika.

"Marekani," alisema.

"Ndiyo, bibi. Turubai hakuna."

"Ujiji walinipima kwa hii." Akakunja vidole, akakunjua. "Mtu mzima alikwenda kwa nyingi. Mimi nilikuwa mdogo, kwa hiyo haikuwa nyingi. Yule bwana aliikunja akaiweka begani, na mimi nikashikwa mkono na mtu mwingine. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyepiga kelele."

Niliacha kuchanganya rangi. Aliniambia niendelee, jua litahama.

Kila alasiri nilipotoka shule nilikwenda kwake, na kila alasiri alinipa kipande. Alikuwa mtoto wa Umanyema, kijiji hakukumbuka jina, ila alikumbuka mto na harufu ya ndizi zinazochomwa. Ziwa alilivuka amelala chini ndani ya mtumbwi mkubwa, akitapika. Kutoka Ujiji hadi Tabora alitembea, na akichoka alibebwa na mwanamke ambaye naye alikuwa amefungwa. Yule mwanamke walimwacha njiani Uvinza. Nilimwuliza kama walimwacha mzima. Bibi akasema, "Nimesema walimwacha." Hapa Tabora aliuzwa tena, akakulia jikoni mwa yule Mwarabu, akapewa jina la kitu cha dukani kama walivyofanyiwa watumwa wengi, na alipovunja ungo bwana akamwita chumbani. Hivyo ndivyo alivyopatikana baba yangu.

Aliyasema hayo yote kwa sauti ile ile aliyotumia kunielekeza ninunue mchele upi. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta macho kwa kitambaa chenye tapentaini, na kuyaumiza zaidi.

"Bibi, kwa nini sasa?" nilimwuliza siku ya mwisho.

"Kwa sababu nyinyi mnasema tumepata uhuru. Redioni kila siku, uhuru, uhuru. Mimi nilikuwa sina, siyo kama nyinyi mlivyokuwa hamna. Nataka ijulikane."

Basi tukaandika, kwa maneno yake: Nililetwa kutoka Umanyema nikiwa mtoto. Nilinunuliwa Ujiji, nikauzwa tena hapa. Nimezaa hapa, nimezeeka hapa, na hapa ndipo kwetu.

Picha ilikuwa nzuri. Najua mtu hapaswi kuisifu kazi yake, lakini haipo tena, kwa hiyo nitaisifu. Nilikuwa nimeupata mdomo wake, ule mdomo wa mtu aliyekwisha kusema na hatarudia.

Baba alijua wiki ile ile ya ufunguzi. Ilikuwa pia wiki mbaya kwa sababu nyingine. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechumbiwa na familia moja ya mjini iliyojihesabu kuwa Waarabu wa Maskati, ingawa vijana wao walijua Kinyamwezi kuliko Kiarabu. Posa ilikuwa imekubaliwa, mahari yamezungumzwa, na mama alikuwa ameanza kushona mito.

Baba aliniita barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," naye hakuitikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuamkia pasipo kuitikiwa.

"Nimeambiwa umemchora mama yangu na kumwandika mtumwa."

"Amejiandika mwenyewe, baba. Mimi nimeshika brashi tu."

"Mama yangu ni mtu wa Unyanyembe."

"Baba, yeye anasema siyo."

"Yeye ni mzee! Amechanganyikiwa!" Alisimama, kisha akakaa, maana majirani walikuwa wakipita. Akashusha sauti. "Unajua mimi nilifanya nini ili nisiitwe lile jina? Shuleni, kazini, msikitini? Unajua? Miaka yote hii. Na wewe unakwenda kulibandika ukutani kwa Mhindi, ili kila mwenye kapu apite alisome."

"Mkutanoni unasema sote ni sawa," nilimwambia. "Wewe ni balozi. Unasema hakuna bwana, hakuna mtwana. Kama hakuna, unaogopa nini?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Yale ni maneno ya mkutano," alisema.

Nimesikia hotuba nyingi maishani. Hakuna iliyonifundisha siasa kuliko sentensi ile ya baba.

Bibi alikuwa mlangoni, amesimama na fimbo yake. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Akamwambia mwanawe, taratibu, "Wewe hukuwa tumboni mwa Unyanyembe." Baba akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Bibi akaniuliza ufunguzi ni saa ngapi.

Watu walikuja wengi siku ile, wengi kuliko wakati wa mizinga. Nadhani habari zilikuwa zimetangulia. Mama wa Goweko alikuja na watoto wake wote, akasimama mbele ya picha yake akiwa ameshika kiuno, akawasomea kuhusu sugu ya babu yao, nao wakacheka kwa fahari. Nilifurahi kuwaona. Kisha nikaona jambo ambalo hadi leo linanikera. Watu wale wale waliocheka na mjukuu wa mpagazi walipofika kwenye picha ya bibi walinyamaza, wakasogea pembeni kama wanaopisha jeneza. Aliyebeba mzigo njia ile alikuwa shujaa. Aliyekuwa mzigo alikuwa aibu.

Mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu aliingia na dada zake wawili, wote kwenye mabuibui, wananukia udi. Mmoja wa dada zake alijua kusoma, akasoma kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Mama mkwe akauliza, "Huyu si mama yake bwana karani?" Akavuta buibui lake akatoka, hakuaga. Yule aliyesoma alibaki nyuma kidogo, akaitazama ile picha, kisha akanitazama mimi, akachekea puani. Nikajua posa imekwisha.

Ofisa utamaduni alifika baadaye, bila mpiga picha. Hakukaa kwenye kiti tulichomwekea. Alizunguka kuta mikono nyuma, akasoma kila maelezo, na shingo yake ikazidi kukakamaa. Alipomaliza akatuita wawili kwenye kona ya kaunta.

"Haya ni mambo gani?"

"Ni watu wa mji," rafiki yangu akasema.

"Nimeona ni watu. Nauliza, lengo ni nini? Taifa linajenga umoja, nyinyi mnaandika huyu mtumwa, huyu bwana, huyu katoka wapi. Ukabila huo. Ubaguzi huo." Akaonyesha kidole picha ya rafiki yangu. "Na hii? Nani anakuuliza utarudi lini?"

"Wateja," alisema rafiki yangu. "Na juzi, wewe."

Nilitamani rafiki yangu acheke, ili ionekane ni mzaha. Hakucheka, wala ofisa hakucheka. Ofisa akasema kwa utulivu kwamba dada huyu si mtu wa kuwafundisha Watanzania wao ni nani. Rafiki yangu alikuwa Mtanzania. Alikuwa ameapa kuwa raia kabla ya wengi, akiwa na karatasi zake zote, na baba yake alikuwa amesimama pale mlangoni mwa vyumba vya nyuma akisikia.

Picha ile ya kikongwe itoke, ofisa akasema. Ile ya dada pia. Hizo nyingine zinaweza kubaki kama maelezo yatafutwa. Na kama tunataka msaada wake siku zijazo, alikuwa na mapendekezo: wakulima, majembe, mavuno ya pamoja, akina mama na watoto kliniki.

Nikamwuliza jambo moja. Kule Kwihara, karibu kabisa na mji, serikali ilikuwa ikiitunza nyumba ambayo mzungu mmoja msafiri alikaa miezi kadhaa, akiandika habari za njia ya watumwa. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wangu kuiona, wakaonyeshwa mahali alipolala. "Yule aliipita njia hii akiandika," nilisema. "Nyumba yake ni makumbusho. Huyu aliipita njia hiyo hiyo akiwa anauzwa. Yeye picha moja tu imekuwa ubaguzi?"

"Mwalimu," alisema, "usinilazimishe niandike kwa mkuu wako wa shule."

Alisimama palepale mpaka tukazitoa. Rafiki yangu aliiteremsha ya kwake, mimi nikaiteremsha ya bibi, nikaiegemeza sakafuni, uso ukiwa ukutani. Watu walikuwa wakitutazama. Hakuna aliyesema neno, hata mama wa Goweko, ambaye simlaumu, alikuwa na watoto.

Ndipo bibi akaingia.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Gongoni, polepole, na fimbo yake. Hakuvaa buibui jipya. Alikuwa amevaa khanga zile zile nilizomchorea, maana aliona ndivyo inavyopasa, watu wapate kulinganisha. Akasimama katikati ya chumba, akakaza macho yake mabovu kwenye kuta, moja baada ya nyingine.

"Mke mwenzangu," akaniita. "Niko wapi?"

Ofisa, ambaye hakuwa amemjua, akainama kwa adabu kama alivyolelewa na mama yake. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Natafuta picha yangu."

Ofisa alimtazama, akaitazama fremu iliyogeuzwa, akaelewa. Nitampa haki yake: uso wake ulibadilika. Kwa kitambo kidogo alikuwa kijana tu mbele ya mzee. Kisha akarudi kwenye kalamu zake mbili. "Bibi," alisema, "mambo yale yamekwisha. Sasa sote ni huru. Hatutaki kukukumbusha machungu."

"Nani kakwambia nimesahau?"

"Yamekwisha, bibi."

"Kwako yamekwisha," bibi alisema. "Hukuwapo."

Baba aliingia wakati huo. Sijui nani alimwita. Hakunitazama. Alimwambia ofisa, "Samahani, ndugu, mama yangu ni mzee, hajui asemalo," akamshika bibi mkono juu kidogo ya kiwiko, akamtoa nje. Bibi hakupinga. Alikuwa ameshikwa hivyo mara nyingi, alijua namna ya kwenda.

Wanaume wawili wa mtaa wetu waliifuata picha jioni ile kwa amri ya baba, na rafiki yangu hakuweza kuwanyima. Waliileta nyumbani uani. Mdogo wangu ndiye aliyeichoma. Aliikata marekani kwenye fremu kwa kisu cha jikoni, akaisokomeza chini ya sufuria ya maharage, na rangi ile ya milango ikatoa moshi mweusi uliotukohoza sote. Posa ilikuwa imerudishwa mchana huo kupitia kwa mshenga, kwa maneno ya adabu sana, ati kijana ameamua kusoma kwanza. Mdogo wangu alikuwa akilia huku akichochea. "Umeridhika?" aliniuliza. "Umeshaonyesha? Haya, umeridhika?" Nilimhurumia, na bado namhurumia, lakini sikumwomba radhi, na hilo ndilo hajanisamehe.

Rafiki yangu alifungua chumba kwa wiki chache zaidi, kukiwa na zile picha nyingine zisizo na maneno. Bila maneno zilikuwa nyuso tu. Kisha akafunga. Mwaka majengo ya kupangisha yalipotaifishwa lao lilikuwamo, na baba yake, ambaye hakuwahi kulala nje ya Tabora ila kwa mazishi, alipanda treni na familia yake kwenda Dar, na kutoka Dar wakaenda ng'ambo, nchi za baridi. Nilimsindikiza stesheni. Hakulia. Aliniambia, "Sasa watu wakiniuliza nitarudi lini kwetu, nitasema Tabora, nao hawatajua ni wapi." Akacheka peke yake. Chumba kile kilifanywa stoo ya majembe ya ushirika.

Mimi nilihamishwa. Barua ilisema mahitaji ya kazi. Nilipelekwa Lusu, upande wa Nzega, kwenye kijiji kipya ambacho watu walikuwa bado wanabomoa nyumba zao za zamani na kubeba milango kichwani. Shule ilikuwa na madarasa mawili na paa moja. Hapo ndipo ofisa utamaduni, aliyekuwa amepanda cheo, alinikuta tena akiwa ziarani, akaniomba nichore ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Nilimchorea mwanamke mwenye jembe. Nilimchora kwa rangi tatu, bila kumtazama mtu yeyote, na uso wake haukuwa wa mtu yeyote. Alisimama mbele yake muda mrefu akitikisa kichwa kwa furaha. "Huyu ndiye mama wa Kitanzania," alisema. Akampigisha picha.

Bibi alifariki nikiwa Lusu. Nilipata habari kwa dereva wa lori la pamba, nikafika Gongoni wameshamwosha. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo yaliyotokea kaburini niliyapata kwa jirani yetu mmoja mzee, aliyekuja uani kunipa pole.

Maiti ikishafukiwa husomewa talakini, maneno ya kumwandaa kwa maswali ya malaika, na marehemu huitwa kwa jina la mama yake. Asipojulikana mama, huitwa mtoto wa Hawa, mama yetu sote, na hakuna aibu ndani yake. Bibi hakuwa na jina la mama. Alikuwa amechukuliwa akiwa mdogo mno, kwake mama alikuwa Mama tu. Sheikh alijua, alikuwa mtu wa Gongoni, na tayari alikuwa amefungua kinywa kusema binti Hawa. Baba akamgusa bega. Akampa jina. Jina la kike la Kinyamwezi, la kifahari, la nyumba ya watemi.

"Sheikh alisita," jirani aliniambia. "Akatutazama. Tulikuwa wengi tunaojua. Kisha akamwita kwa jina hilo."

"Hakuna aliyesema?"

"Kaburini, mwanangu? Utasema nini?"

Nilimkuta baba kwenye mkeka wa matanga. Wageni walikuwa wamepungua. Nilimwamkia, naye kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani aliitikia. Nikamwuliza alilitoa wapi lile jina.

Alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa imemlegea kichwani. "Mtu hazikwi bila mama," alisema.

"Alikuwa na mama, baba. Alizaliwa na mtu wa Umanyema. Sasa malaika wanamwita binti wa mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo."

"Mungu anajua," alisema.

"Ndiyo. Ni sisi tu ambao hatutajua."

Baba akachukua tasbihi yake, akaanza kuhesabu, na mtu mmoja akaingia kutoa pole, akakaa kati yetu. Asubuhi yake nilipanda basi la Nzega. Wanafunzi wangu walikuwa na mtihani, na hapakuwa na mwalimu mwingine wa kuwasimamia.